Saba kwa Mia

Tauno alihifadhi kama mtu anayekohoa,
kila baada ya dakika chache, bila kuomba radhi.
Akigusa mstari mmoja, anahifadhi.
Akiinuka kujaza kahawa, anahifadhi.
Nilimcheka. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini,
pale Kajaani, kwenye chumba kinachosukuma maji ya moto
chini ya theluji hadi kwenye kuta za watu.

"Haina uzito, Terhi," aliniambia. "Tazama.
Faili ziko elfu mbili na mia nne. Umegusa moja.
Mfumo haubebi nyumba nzima mgongoni.
Hiyo moja unaipiga picha,
zilizosalia unazinyooshea kidole tu:
zipo palepale, kama jana."
Akanionyesha jina ambalo mashine iliipa picha ile,
herufi na tarakimu arobaini zilizobanana,
jina lisilotamkika hata kwetu sisi
tuliozoea majina marefu.

Alistaafu mwezi wa tano.
Tulimpa keekee ya kutobolea barafu, na keki.

Januari nikaanza kufagia.
Kwenye msimbo wake wa zamani nikakuta mstari
umekaa peke yake kama mgeni asiyejulikana kaja na nani:
Kuusikatu 14, zidisha kwa moja nukta sifuri saba.
Hakuna maelezo.
Jengo moja katika mji mzima
linapewa joto saba kwa mia zaidi ya majirani.
Nikasema, huu ni upendeleo, au ni usingizi.
Nikafuta.
Nikahifadhi, maana mazoea yana tabu,
na kwenye ujumbe nikaandika neno moja: "usafi".
Nikaenda kulala.

Saa tisa na robo usiku, simu.
Nje, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
baridi inayogandisha pua kutokea ndani.
Mwanamume, Kuusikatu kumi na nne, ghorofa ya nne.
Hakufoka. Afadhali angefoka.
"Ukuta umepoa," alisema. "Mtoto ana siku kumi na moja."

Maji yakimwagika hayazoleki.
Haya yalizoleka.
Nilirudi picha moja nyuma, sekunde tatu,
na ule mstari ukawa palepale, kama jana.
Mbali huko, pampu ikaongeza sauti.
Nilikaa na koti juu ya nguo za kulalia
nikitazama namba ipande: kumi na nne, kumi na tano,
kumi na tano tena, kumi na tano
tena,
kumi na sita.

Usingizi ulikataa kurudi. Nikaufuata mstari,
picha hadi picha, kidole kikinyooshea kidole,
miaka kumi na miwili, hadi usiku ulipozaliwa.
Februari. Saa kumi kasoro. Tauno. Ujumbe wake:

"Nimekwenda mwenyewe na kipimajoto.
Bomba la 14 linapita chini ya reli, joto linaishia njiani.
Bi Lempi wa ghorofa ya nne alikuwa amelala na viatu.
Kaninywesha kahawa. Msiguse."

Miaka yote hiyo ilikuwa hapo, mibofyo miwili tu,
nami sikuuliza.

Asubuhi nikampigia. Alikuwa ziwani, upepo unavuma kwenye simu.
Bi Lempi alikufa, alisema, mwaka wa sita sasa.
Nikamweleza yote. Akanyamaza.
"Na ujumbe, uliandika nini?"
"Usafi."
Alicheka hadi akakohoa,
kikohozi cha kweli safari hii, kirefu, sikukipenda.
"Usiufute," alisema. "Uache ukae humo na yetu mingine."

Nimeuacha.
Juu yake nimehifadhi picha mpya, nyepesi,
faili moja, mstari mmoja wa maelezo:
"Bomba bado linapita chini ya reli.
Wa ghorofa ya nne sasa anaitwa Oiva."
Kisha nikainuka kujaza kahawa.